Isale la Valerian

Nilikuwa juu ya ngazi napaka rangi ukuta wa mbele, Valerian, kaka wa marehemu mume wangu, alipoingia ameshika isale.

"Shemeji, usimuuzie mgeni kihamba, shamba la ukoo. Nisamehe, uniuzie mimi."

Begi langu lilikuwa tayari mlangoni. Mchana napanda basi kwenda Pangani, siku nne za kupumzika tu, kisha ndege ya Kanada kwa binti yangu.

Huku mlimani, ukipokea isale mkononi, umesamehe. Lakini isale ndilo pia mmea wa mpaka. Wiki moja baada ya mazishi, Valerian aliyang'oa masale yetu akasogeza migomba yake hatua kumi na mbili ndani ya shamba letu.

Nilishuka. Rangi nyeupe ilinitiririka hadi kiwikoni. Alininyooshea isale, udongo ukiwa bado kwenye mizizi. Sikunyoosha mkono.

Gari la mnunuzi likapiga honi getini.

"Afadhali umelileta na mizizi yake, shemeji," nikamwambia. "Kalipande kule katikati ya migomba yako, pale ulipong'oa la kwetu. Mgeni anataka kuuona mpaka."