Mahali: Siri

Trekta ya kukata majani iliingia shambani ng'ambo ya mto, na Winifred akakimbilia ukingoni.

Tangu Mei, kwenye orodha ya ndege walioonekana jimboni Shropshire, alikuwa akiandika: "Sululu, kiota kimoja. Mahali: siri." Sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, hutaga chini majanini, na wezi wa mayai nao huisoma orodha hiyo. Kwa hiyo Winifred hakumwambia hata mwenye shamba.

"Simama! Kuna makinda humo!" alipiga kelele, akipunga mikono yote miwili.

Mwenye shamba, akiwa kwenye usukani, masikio yamezibwa na ngurumo ya trekta, naye akampungia kwa furaha. "Mama Ndege! Leo umeona nini?"

Winifred aliinua darubini. Trekta ilizidi kuwakaribia, lakini makinda watatu hawakukimbia. Walijilaza majanini, midomo ikigusa udongo, wakatulia tuli, kama mama yao alivyowafunza kujificha na adui.