Beseni la Waceke

Korongo walikuwa wakifukua mahindi aliyopanda Waceke jana kule Gitothua, wakitembea kwa maringo kama wenye shamba. Waceke akavaa glavu, akachota mbegu zenye sumu kwenye beseni.

"Hodi, mama!" Mzungu mpenda ndege alisimama nje ya ua.

"Kama umekuja kunihubiria, hubiri haraka. Mkono umejaa."

"Hapana. Wamekula mistari mingapi?"

Waceke akamgeukia. Waliokuja kutetea korongo hawakuwahi kumuuliza hilo.

"Mitano. Sasa watoto wangu wale manyoya?"

"Pole, mama. Naomba niingie, tuwafukuze pamoja."

"Haya, ingia."

Mzungu akavua kofia, akawakimbilia, akateleza matopeni pu! Waceke akacheka. Korongo mmoja akaruka, akatua mbele ya beseni, akainamisha shingo.

Waceke akaliwahi beseni, akalikalia ili ndege asile, ngumi ya mbegu bado imefumbwa.