Kosa Moja Tu

Simu ilitetemeka tena ndani ya droo, na karani hakugeuza hata shingo. Mkufunzi, aliyeketi kwenye kona ya ofisi ya vizazi na vifo, akatia alama ya vema kwenye karatasi yake. Simu haipokewi mbele ya mwananchi.

Kumbe wanafundishika! Miaka yote hiyo alijiona anampigia mbuzi gitaa. Watumishi wa serikali walikuja kwenye semina, wakanywa soda, wakapiga picha na vyeti vyao, kisha wakarudi dirishani kununa vilevile. Hasira zake zilikwisha zamani, ikabaki ganzi. Sasa wakubwa wanataka kuona faida. Karani huyu mmoja akionekana hajabadilika leo, mafunzo yanafutwa, na mkufunzi akafuge kuku.

Na walimchagulia karani gani wa kumpima? Bibi Njoo-Kesho! Mji mzima ulimwita hivyo. Kwenye semina alikuwa haachani na simu yake.

"Nina mgonjwa nyumbani," alijitetea siku ile.

"Kila mtu ana mgonjwa nyumbani," mkufunzi alimjibu, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo simu hushinda ndani ya droo.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke aliyevaa ndala zisizolingana, moja nyekundu, moja ya bluu.

"Nimepiga simu tangu asubuhi," akasema akiwa bado mlangoni. "Haipokewi."

Karani alimtazama yeye, kisha akamtazama mkufunzi kule konani.

"Samahani sana. Karibu ukae."

"Mama ametutoka, dada."

Karani akalaza viganja vyake juu ya meza, asiulize kitu. Mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana ndivyo alivyowafundisha: mfiwa usimrukie kwa maswali. Akatia vema nyingine.

"Pole," karani akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya chini, imenyooka. "Amefia hospitali au nyumbani?"

Mwanamke akamkodolea macho. "Unaniuliza mimi?"

"Ni lazima tuandike."

"Nyumbani. Kitandani kwake, alfajiri. Alikuwa akiulizia..." Akashindwa kumaliza.

Karani akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika. Loo! Hilo hata kwenye semina halikuwamo, na mkufunzi akaliandika pembeni ili alifundishe mwakani. Kisha karani akainama, akajaza kibali cha mazishi mstari kwa mstari bila kuinua kichwa, akagonga muhuri. Zamani kibali kama hicho kingemzungusha mtu wiki nzima, na matusi juu.

"Nikusubiri?" mwanamke akauliza, ameshasimama.

"Usisubiri. Kibali chako kiko tayari."

Mwanamke alibaki amesimama pale, akimwangalia. Halafu akaichukua karatasi, akatoka, ndala zikiburuta sakafuni.

Mkufunzi hakuweza kujizuia. Alivuka chumba, akampa karani mkono kwa mikono yake miwili. Kitu kama furaha kilimpanda kifuani, na alikuwa amekisahau kinavyokuwa.

"Hongera, mama! Umeniokoa, nakwambia kweli. Umemhudumia yule kama ndugu yako wa damu." Akainua karatasi yake, akaonyesha kwa kalamu. "Kosa moja tu. Hukumuuliza jina la marehemu."

"Nalijua," karani akasema. Droo ilikuwa imenyamaza. "Ni jina la mama yangu. Nimwite anayefuata?"