Mfereji Katika Sinia

Mwalimu wa semina alipouburuta wali kwa ubavu wa kiganja, Mashavu aliacha kutafuna.

Asubuhi nzima pale Kibiti mwalimu huyohuyo alikuwa akiwafunda Mashavu na wahudumu wenzake wa nyumba ya utengamao, wanakolelewa waliopona maradhi ya akili kabla ya kurudi makwao. "Aliyeugua akili akapona ni mwenzenu. Kaeni naye, kuleni naye." Kisha akamsimamisha mama mmoja mkulima wa Ruaruke, aliyepona, asimulie yaliyomkuta. Wakampigia makofi.

Mchana, kwenye sinia la wanawake, walikuwa wameshaanza kula yule mama alipofika. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akasema bismillahi, akatia mkono. Papo hapo mwalimu akapitisha kiganja, ukabaki mfereji katikati ya wali wa nazi hata bati likaonekana. Upande mmoja yule mama peke yake. Upande wa pili wao wanne, wamebanana.

"Kula, mama, usione haya," mwalimu alisema huku mdomo umejaa.

Yule mama aliutazama mfereji, akala vya upande wake taratibu, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

 Mashavu alimtazama mwalimu akifyonza kichwa cha kambale, mafuta yakimchuruzika kidevuni, akaapa moyoni kwamba tonge lake linalofuata atalichota ng'ambo ya mfereji, mbele ya macho yao wote.

Ndipo alipoona mkono wake uliko. Ulikuwa umelala pajani tangu yule mama alipotia wa kwake, na punje za wali zilikuwa zimeshamkaukia vidoleni.