Viti vya Obadia Vinalegea

"Fungua tena," Obadia alisema. "Haya, funga."

Awadhi, muuza vifaa wa hapo Korogwe, alizivuta taya za kipimo cha plastiki cha kupimia unene, kisha akazibana. Namba kwenye kioo kidogo zilipaswa kurudi kwenye sifuri. Zikagoma kwenye sifuri nukta mbili.

"Kipimo hiki muongo," Obadia alisema, na hapohapo kikohozi kikamkamata mpaka akashika kaunta.

Mkewe, Agripina, alimpigapiga mgongoni. Walikuwa wametoka hospitali muda si mrefu. Daktari alirudia yaleyale: mapafu yamechoka, vumbi la mbao liachwe, tena leo si kesho. Obadia naye alijibu yaleyale: vumbi hilo ndilo lililowasomesha watoto. Sikio la kufa halisikii dawa! Picha ya kifua aliibana kwapani, akamvuta mkewe mpaka dukani.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa kifua. Viti vyake vilikuwa vinalegea. Yeye, Obadia wa Kabuku, ambaye watu walirithishana viti vyake! Tangu mvua za vuli, ncha za miguu hazikai kwenye matundu yake, zinacheza kama jino bovu. Alibadilisha futi, akabadilisha miwani, akabadilisha mpaka muuza mbao. Wapi! Juzi mzee wa kanisa alianguka na kiti katikati ya sala. Watu walicheka mpaka wakasahau kuitikia amina. Agripina peke yake ndiye aliyelia, tena kwa kwikwi, na mzee mwenyewe hakuwa na hata mchubuko.

Kanisa lilimpa nafasi moja ya mwisho, atengeneze viti vipya. Obadia akaapa mbele ya wazee: vikilegea na hivi, anauza randa zake zote na karakana anaifunga. Nao walijua atafanya hivyo, maana huyo mtu kiapo chake ni kiapo.

"Mzee wangu, chukua hiki cha chuma," Awadhi alisema. "Kinaona mpaka unene wa unywele. Boksi lake limepasuka, kwa hiyo nitakupa kwa bei ya hicho cha plastiki."

Obadia alikifunga, akakifungua, akakifunga. Sifuri. Akarudia. Sifuri. Uso ukamng'aa.

"Unywele wa nini kwenye kiti, Baba Ruthi?" Agripina aliuliza. "Cha plastiki kinatosha. Chepesi, hata mkono hautachoka."

"Mama Ruthi, hicho kinadanganya!"

"Si kidogo tu?"

"Hicho kidogo ndicho kinachoniua mimi."

Obadia akakilipia kile cha chuma. Kwenye basi mpaka Segera, na kutoka Segera mpaka nyumbani, Agripina aligeukia dirishani. Obadia alidhani amechoka na safari.

Kesho yake alichonga miguu ya viti. Kila ncha aliipima kwa kile kipimo kipya cha chuma, na kila ncha ilisoma sawasawa na tundu lake. Jamani, alitaka kulia kwa furaha! Ila hakuunganisha siku ile. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba mti uliochongwa leo hulazwa, ukagundishwa kesho, na mwiko huo Obadia hakuthubutu kuuvunja hata mteja amsimamie kichwani.

Kulipokucha alitoka kwenda kununua gundi huko barabarani. Njiani akaambiwa duka halijafunguliwa, akageuza. Alipoingia karakana akaona apime tena, kwa raha zake tu.

Ncha ya kwanza ilikuwa imepungua nusu milimita. Akafuta kioo kwa shati, akapima upya. Vilevile. Ya pili nayo imepungua. Ya tatu aliichomeka kwenye tundu lake, ikachomoka yenyewe ikaanguka chini.

Obadia alikaa juu ya maranda. Alisingizia futi, akasingizia macho, na sasa amsingizie nani? Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyochonga jana, na leo aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Hakuwa na la kufanya. Alikuwa ameapa, na wazee wote walisikia. Akakohoa, akalia, akakohoa tena, kisha akanyanyuka aikusanye ile miguu aipeleke kanisani wajionee wenyewe.

Mguu mmoja haukuwepo. Akatafuta chini ya meza, akatafuta nyuma ya mlango, halafu akaenda jikoni kumuuliza mkewe kama ameuona.

Agripina alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, mabega yanatikisika kwa kilio. Mguu wa kiti alikuwa ameubana katikati ya magoti, na ncha yake anaisugua kwa msasa, taratibu, asije akazidisha.