Pedi ya Ndani

Breki za gari zilisaga kama mtu anayetafuna mchanga, lakini kaka mtu hakutaka kusikia. Alichungulia kwenye matundu ya ringi, akaona pedi ya breki ya upande wa nje bado nene, akasema, "Nzima kabisa hii. Washa redio tu, hutasikia kelele."

Dada mtu alipiga jeki palepale uani, akafungua nati, akavua tairi, akachomoa pedi ya ndani, ile ambayo huwezi kuiona kwa kuchungulia.

Chuma kitupu. Diski nayo ilikuwa imechimbika mifereji, ukipitisha kidole ukucha unakwama.

"Rudisha tairi," kaka alisema. "Watoto wangu wananisubiri shuleni."

"Na ule mteremko wa shuleni unaushuka na nini?"

"Nimesema rudisha! Tangu lini ukawa fundi wewe?"

"Tangu ulipojitia upofu. Hao watoto wananiita shangazi, kaka. Hawapandi jeneza."

Kaka akainama aokote nati mwenyewe. Dada akamuwahi. Alizizoa zote, nyeusi kwa grisi, akazitumbukiza ndani ya sidiria.

"Haya," alisema, akijifuta mikono. "Zichukue."