Gunia la Mwisho Darini

Nilikuwa nimelala kifudifudi darini, gunia la mwisho mikononi, nilipomsikia mwenye nyumba chini yangu akiongea na mke wake.

"Chumba kikikauka, tunaweka mupangaji. Maman anarudi kijijini, Walungu."

"Ulimwambia?"

"Nitamwambia siku ya gari ya kumurudisha."

Kazi yangu ilikuwa kujaza dari ili baridi isiingie chumbani; unga wa mbao niliukataa kwa sababu unanyonya maji. Nilichagua magunia ya maganda makavu ya kahawa, nikaacha nafasi ya kiganja chini ya mabati ili unyevu utoke. Vumbi la maganda lilinata shingoni kwa jasho.

Nilisukuma gunia mahali pake, nikashuka.

Mama wa mwenye nyumba, mzee Eulalie, alikuwa amesimama mlangoni amejifunga blanketi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, papa. Unaona vile mutoto wangu ananipenda? Mwaka huu baridi haitanipata humu."

Mwenye nyumba alitoka nyuma yangu, akitabasamu.

"Umemaliza, citoyen?"

"Dari imeisha," nilimjibu. "Sasa umwambie maman chumba ni ya nani."